Lamu: Mji Uliopitwa na Reli

Mji wa Lamu, ulioko upande wa mashariki wa kisiwa chenye jina hilohilo katika pwani ya kaskazini ya Kenya, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa hoja kwamba ndio mji wa Waswahili wa kale zaidi na uliohifadhika vyema zaidi katika Afrika Mashariki, na wageni wanaoshuka gatini huelezwa na waongoza watalii kwamba wamefika mahali ambapo hapajabadilika kwa mamia ya miaka. Maelezo hayo yanapendeza masikio, lakini historia haiyaungi mkono. Ngome, barabara ya pwani, Maulidi na sehemu kubwa ya mitaa ya kusini ni mambo ya karne mbili zilizopita tu, na utulivu unaosifiwa ulitokana na biashara kuhama, hali ambayo wenyeji hawakuichagua wala hawakuifurahia. Anayetaka kuutembelea mji huu kwa manufaa hana budi ajue kila anachokitazama ni cha zama zipi na kilimgharimu nani.

Visiwa vya Lamu, Manda, Pate na vidogo vinavyoendelea kaskazini hadi Kiwayu vilifaa kwa biashara kwa sababu ya mikono ya bahari iliyotulia kati yake, ambamo vyombo vilipata hifadhi nyuma ya mikoko, na kwa sababu ya pepo za msimu. Kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India, nao kusi, unaoanza karibu na Aprili, uliyarudisha makwao. Biashara hiyo ilikuwapo Manda tangu karne ya 9, kama magofu yake yanavyothibitisha, na Lamu yenyewe ilikuwa mji kufikia karne ya 14, kwani Msikiti wa Pwani ulio karibu na ngome huhesabiwa kuwa wa mwaka 1370, na maandishi ya Kiarabu yanamtaja kadhi wa Lamu aliyekuwa Makka mwaka 1441. Wareno walipofika, Lamu ilitazama yaliyoupata mji jirani wa Hoja, uliochomwa moto, ikaamua mwaka 1507 kulipa kodi bila kupigana. Busara hiyo haikuwalinda watawala wake daima, kwani mwaka 1589 mmoja wao alikatwa kichwa huko Pate kwa amri ya Wareno hao hao.

Kwa mgeni anayetaka kuona mji wa zama hizo, mahali panapofaa zaidi ni Takwa, katika kisiwa cha Manda, mji uliostawi takriban kati ya mwaka 1500 na 1700, kisha ukahamwa. Mashua huufikia kwa kupita mkono wa bahari ulioota mikoko pande zote, na maji yakitoka chombo hakipiti, hivyo safari hupangwa kwa kufuata bamvua na maji mafu, yaani vipindi vya maji makubwa na madogo, kama zilivyopangwa safari zote za visiwa hivi tangu kale. Msikiti wake una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo lisilo la kawaida, na watu wa Shela, kijiji kilicho kilomita 3 hivi kusini mwa mji wa Lamu, ambao hujinasibisha na wakazi wa Takwa, wamedumisha desturi ya kwenda huko kuomba dua.

Katika karne ya 18 Lamu haikuwa na mfalme. Iliongozwa na baraza la wazee wa koo kubwa, na mji wenyewe uligawanyika katika pande mbili zilizoitwa Zena na Suudi, ambazo kwa mapokeo zilipokezana uongozi. Jirani yake mwenye nguvu alikuwa Pate, usultani uliodai utii wa visiwa vyote, na mwanzoni mwa karne ya 19 usultani huo ulishirikiana na Mazrui wa Mombasa, ukoo wa Kiomani uliokuwa umejitwalia utawala wa mji huo na kuacha kuitii Oman. Ugomvi ulitanguliwa na mashairi: upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji, na upande wa Lamu Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi na malenga kwa wakati mmoja, na beti zao za kukejeliana bado husomwa na wanafunzi wa ushairi ambao pengine hawakumbuki vita vyenyewe.

Vita hivyo vilipiganwa Shela mwaka 1812 au 1813, kwa kuwa wanahistoria hutofautiana. Majeshi ya Pate na Mombasa yaliteremka ufuoni yakiamini kwamba Lamu ingesalimu amri, yakapigwa, na yalipokimbilia vyombo vyao yalikuta maji yametoka na majahazi yamekaa juu ya mchanga. Waliouawa pale walikuwa wengi kiasi kwamba wakazi wa Shela husimulia hadi leo kuwa mifupa yao imo katika vilima vya mchanga nyuma ya kijiji, vilima vile vile ambavyo watalii huvipanda jioni kutazama jua likitua. Ushindi huo uliitia Lamu hofu kuliko furaha, kwa sababu Mazrui walitarajiwa kurudi kulipiza kisasi, na ndipo wazee walipopeleka ujumbe kwa Seyyid Said bin Sultan wa Oman kuomba ulinzi. Seyyid Said alikubali, akatuma liwali, yaani gavana wake, pamoja na askari, na kwa njia hiyo mji uliopigana ili usitawaliwe na Pate ukajiweka wenyewe chini ya Oman, iliyoufanya mlango wa kuingilia pwani nzima.

Ngome inayosimama mbele ya uwanja wa Mkunguni ni kumbukumbu ya uamuzi huo. Ujenzi wake ulianza kabla ya vita na ukakamilika mnamo 1821 kwa msaada wa Oman, na ukubwa wake unaonyesha wazi kwamba ilikusudiwa kuwatisha watu wa ndani sawa na maadui wa nje. Baadaye serikali ya kikoloni iliifanya gereza, Kenya huru ikaendelea hivyo hivyo, na ni mwaka 1984 tu ndipo wafungwa walipoondolewa na jengo kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Leo lina maktaba na kumbi za maonyesho, na uwanja ulio mbele yake, penye soko kando na wazee wanaocheza bao kivulini, ndipo mahali pazuri zaidi pa kuanzia matembezi, kwa kuwa Usita wa Mui, jina la Kiamu la njia kuu ya mji, hupita hapo hapo ukielekea kaskazini Mkomani na kusini Langoni. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa karibu na bahari zamani. Barabara ya pwani ya sasa, yenye nyumba za veranda zilizoathiriwa na ujenzi wa India na Ghuba, iliongezwa katika karne ya 19 juu ya ardhi iliyojazwa, kwa hiyo sura ya mji ambayo hupigwa picha zaidi kutoka baharini ndiyo sehemu yake changa.

Mkomani ni mtaa wa nyumba za mawe, na hizo ndizo hazina halisi ya Lamu. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, ambayo nayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe, na kuta zake zina unene wa karibu nusu mita, hata ndani kunabaki baridi wakati nje kunawaka. Dari hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko, na kwa kuwa boriti imara haizidi urefu wa mita 3 hivi, upana wa vyumba haukuweza kuzidi hapo, ndipo nyumba zikawa na vyumba virefu na vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Mlangoni kuna daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe, ambapo mwenye nyumba alizungumza na wageni ambao hakutaka kuwaingiza ndani. Baada ya daka njia hupinda, ili jicho la mpita njia lisifike uani, na hapo ndipo penye kiwanda, yaani ua wa wazi, kinachofuatwa na misana, kumbi ndefu zinazopokea mwanga kutoka uani, kisha ndani, chumba cha faragha cha mwenye nyumba na mkewe. Mgeni wa kiume aliyelala alipewa sabule, chumba kilichotengwa na maisha ya wanawake. Kadiri mtu anavyosogea kutoka mlangoni, ndivyo sakafu inavyopanda kidogo kidogo na mapambo kuzidi, mpaka kufikia ukuta wa zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu na kutiwa nakshi ya chokaa, ambamo vyombo vya kauri kutoka China na vitabu viliwekwa ili vionekane. Chooni kulikuwa na birika la maji, na ndani yake walifugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, ufundi wa afya ambao wataalamu wa kisasa hawajaupita kwa urahisi.

Nyumba mbili zilizokuwa za familia tajiri zikikabiliana ng'ambo na ng'ambo ya njia ziliweza kuunganishwa kwa wikio, chumba kinachojengwa juu ya kichochoro, ili wanawake wa koo hizo watembeleane bila kushuka chini. Mpango huu wote ulitegemea ndoa, kwa kuwa baba alimjengea binti yake ghorofa au nyumba pale anapoolewa, hivyo mtaa ulikua kwa kupanda juu na kushikamana. Nyumba moja imetengenezwa na kufunguliwa kama Makumbusho ya Nyumba ya Mswahili, nayo inafaa kutazamwa kabla ya Makumbusho ya Lamu yaliyo pwani, katika jengo lililokuwa makazi ya maofisa wa Kiingereza. Katika makumbusho hayo kuna habari za siwa, yaani baragumu kubwa za heshima zilizopulizwa katika sherehe za koo tukufu. Ya Lamu ilitengenezwa kwa shaba na ya Pate kwa pembe ya ndovu, na aliyekuwa na haki ya kupuliziwa siwa alijulikana kuwa muungwana.

Neno muungwana lilimhitaji mtu asiye muungwana. Mashamba ya bara yaliyoilisha Lamu katika karne ya 19, ambayo yalitoa nafaka, ufuta na pamba za kuuzwa ng'ambo, yalilimwa na watumwa, na watumwa ndio waliochoma chokaa, waliobeba mawe na waliochota maji ya nyumba zinazosifiwa. Mwana Kupona binti Msham, mtunzi wa utendi mashuhuri wa mwaka 1858 kwa binti yake, aliishi na kufia Lamu katika jamii iliyopangwa hivyo, na utendi wake hausomeki vizuri bila kujua kwamba nyumba aliyoifikiria ilikuwa na watumishi wasiokuwa huru. Maelezo mengi yanayotolewa kwa wageni hulipita jambo hili haraka, na ni kosa, kwa sababu nusu ya mji haieleweki bila hilo.

Nusu hiyo ni Langoni, mtaa wa kusini, ambao kwa muda mrefu ulikuwa wa nyumba za udongo na makuti, makazi ya wahamiaji kutoka Hadhramaut, Ngazija na visiwa vya jirani, na ya watu waliotoka utumwani. Huko ndiko alikoishi Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl aliyezaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, ambaye badala ya kukaa na waungwana wa Mkomani aliwafundisha dini watumwa na maskini, akaruhusu dufu katika kumsifu Mtume, na akawaudhi wakubwa wa mji kwa mambo yote mawili. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa mnamo 1900, ukawa chuo kinachofuatwa na wanafunzi kutoka pwani nzima, na Habib Swaleh alipofariki mwaka 1935 mafundisho yaliyopingwa yalikuwa yamekwisha kuwa fahari ya mji.

Maulidi ya Lamu, yanayosomwa katika Mfungo Sita, mwezi ambao Waarabu huuita Rabiul-Awwal, ni urithi wa moja kwa moja wa mapambano hayo. Usomaji mkuu hufanyika Riyadha kwa matwari na kaswida, na zefe, yaani maandamano ya furaha, huelekea kaburini kwa Habib Swaleh. Pembeni huchezwa goma, ngoma ya wanaume waliojipanga mstari wakiwa na bakora na kanzu nyeupe, na kirumbizi, mchezo wa kupigana kwa fimbo kwa mdundo, na hufuata mashindano ya punda, ya majahazi, ya kuogelea na ya bao. Mgeni asiye Mwislamu hupokewa vizuri akivaa kwa staha na kukaa pembeni, ila anapaswa kujua kwamba mwezi huo huja mapema zaidi kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, na kwamba vyumba hujaa mapema.

Chakula cha Lamu nacho kina tabaka zake. Samaki, nazi na mtama ni vya tangu mwanzo, na mkate wa mofa, unaookwa kwa kubandikwa katika kuta za ndani za tanuri la udongo liitwalo mofa, ni wa tabaka hilo ingawa siku hizi huandaliwa pia kwa mahindi, nafaka iliyotoka Marekani pamoja na muhogo na pilipili katika zama za Wareno. Pilau na biriani zilikuja na uhusiano wa Bahari ya Hindi, na halua, tamu inayopikwa kwa wanga, sukari, samli na iliki kwa kukorogwa saa nyingi, ni ya Oman na huliwa pamoja na kahawa chungu inayomiminwa kutoka katika dele, birika la shaba, katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Asubuhi huliwa mahamri na mbaazi za nazi. Mchana ni wali wa nazi na mchuzi, au mseto wa pojo pamoja na samaki mkavu, na kando yake achari ya embe au ya ndimu. Usiku wa Ramadhani vichochoro hujaa kaimati, tambi za sukari, viazi karai na muhogo wa nazi.

Chakula ambacho kwa haki kingepewa nafasi ya kwanza ni samaki wa kupaka. Tafi au kolekole hupasuliwa, hutiwa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, huchomwa kwa makaa, kisha hupakwa tui zito lililochemshwa na ukwaju na pilipili, na kurudishwa motoni mara kadhaa mpaka tui ligande juu yake bila kuungua. Kazi hiyo haiharakishwi, na ndiyo sababu mikahawa ya barabara ya pwani, iliyozoea kumhudumia mtalii mwenye haraka, mara nyingi humpa samaki aliyechomwa na kumwagiwa mchuzi juu. Upishi wa Lamu ni upishi wa nyumbani na wa wanawake, na anayetaka kuuonja ulivyo ataupata katika vihoteli vidogo vya Langoni au katika nyumba ambazo, kwa kuagizwa siku moja kabla, huwapikia wageni.

Mwishoni mwa karne ya 19 mji huu uliokuwa na wenzi wengi wa biashara ulianza kuachwa. Wajerumani, waliokuwa na himaya yao Witu, bara ya Lamu, walifungua ofisi ya posta mjini mwaka 1888 chini ya Gustav Denhardt, wakaifunga mwaka 1891 baada ya mkataba wa mwaka 1890 kuwaachia Waingereza eneo hilo, na jengo la posta hiyo sasa ni makumbusho madogo ambayo thamani yake ni kukumbusha kwamba Lamu iliwahi kugombewa. Waingereza walikuwa na shabaha nyingine. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, meli za moshi zikaifuata bandari yenye reli, na kukomeshwa kwa hali ya utumwa kisheria mwaka 1907 kukayaacha mashamba ya bara bila watu wa kuyalima. Kilichobaki kwa majahazi ni boriti za kupelekwa Ghuba na Yemen, na biashara hiyo nayo ilizimwa mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje.

Mji usio na fedha haubomoi nyumba zake ili kujenga mpya, na hapo ndipo ulipo mzizi wa uhifadhi wa Lamu. Katika miongo hiyo ya ukata aliishi Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, mchonga milango, mwandishi wa hati nzuri, mshairi na mwanamuziki, ambaye kwa kunakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya aliokoa sehemu kubwa ya fasihi ya kale, na ufundi wake unaendelezwa na wachonga milango wanaofanya kazi wazi kando ya barabara ya pwani, kama unavyoendelea ushonaji wa kofia za vito na uundaji wa majahazi katika kijiji cha Matondoni. Vijana wa Ulaya na Marekani waliougundua mji huo kuanzia miaka ya 1960 waliupenda kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu, wakafuatwa na watu wenye fedha. Utafiti wa Usam Ghaidan uliochapishwa mwaka 1976 ulionyesha hatari iliyokuwa ikija, na mwaka 1986 mji wa kale ukawekwa chini ya sheria ya mambo ya kale. Tangu wakati huo nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni, hasa Shela, na zinazotengenezwa vizuri kuliko zote mara nyingi ndizo zinazokaliwa kwa wiki chache tu kwa mwaka.

Mabadiliko makubwa zaidi yanatoka upande wa pili. Serikali ya Kenya ilichagua bara ya Lamu kuwa mwanzo wa mradi wa LAPSSET, unaokusudia kuunganisha bandari mpya na Sudan Kusini na Ethiopia kwa barabara, bomba la mafuta na reli, na gati la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Uchimbaji wa njia ya meli uliharibu mikoko, matumbawe na maeneo ya uvuvi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 baraza la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa upande huo huo wa bara, likisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na waliopeleka shauri hilo, chini ya jina la Save Lamu, walikuwa wakazi wenyewe wa visiwa hivi.